Video za vyakula mitandaoni: mambo ya kukubaliana kabla simu haijaanza kurekodi

Ukifungua TikTok jioni, uwe Nakivale, Kyaka II au Kampala, hutakosa kukutana na sahani ya chakula. Kijana ameshika simu mkono mmoja na kijiko mkono wa pili. Anaonyesha sombe iliyoungwa kwa mawese, ugali wa muhogo na sambaza za kukaanga. Anaonja, anatikisa kichwa, anataja bei, kisha anaelekeza njia ya kufika. Mwingine yuko Kisenyi, Kampala, mbele ya sinia ya wali wa Kisomali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Mwingine yuko Kabalagala anakunja injera.

Watu hawa huitwa washawishi wa mitandaoni, yaani watu wenye wafuasi ambao maneno yao yanaweza kumfanya mtu atoke nyumbani kwenda kununua kitu. Wanaoonyesha vyakula wamekuwa wengi, na baadhi yao ni wakimbizi wenzetu.

Makala hii ni kwa ajili yako ikiwa una mgahawa, malewa au meza ya kuuza chakula. Ikiwa unatengeneza video. Au ikiwa wewe ni mteja ambaye uso wake unaweza kuonekana nyuma ya sahani ya mtu mwingine. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: mkubaliane kabla ya kurekodi. Simu ikishazimwa na video ikishasambaa, ni vigumu sana kuirudisha.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Uganda ndiyo nchi inayopokea wakimbizi wengi zaidi barani Afrika. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya milioni 1.7. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea, kufanya kazi na kujiajiri. Ndiyo maana utakuta migahawa ya Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia katika makazi na pia mijini.

Mwezi Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisimamisha msaada wa chakula kwa karibu wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa sababu ya upungufu wa fedha. Kwa familia nyingi, biashara ndogo iliyokuwa ya kuongezea sasa ndiyo tegemeo. Mgahawa mmoja hulisha zaidi ya nyumba moja: yupo anayepika, anayeosha vyombo, anayeleta makaa na anayechota maji. Yupo pia mkulima wa jamii mwenyeji, kwa mfano huko Isingiro, anayeuza matoke, maziwa au mbuzi kwa mgahawa huo. Wateja wakiongezeka, wote wanapata. Jina la mgahawa likiharibika, wote wanapoteza.

Video inaletaje wateja?

TikTok haionyeshi video kwa wafuasi wako peke yao. Kwanza huionyesha kwa watu wachache. Wakiitazama hadi mwisho, wakaipenda au wakaituma kwa wengine, huonyeshwa kwa watu wengi zaidi. Kwa sababu hiyo hata mtu mwenye wafuasi wachache anaweza kupata video inayotazamwa na maelfu.

Lakini watazamaji si wateja. Video ya mgahawa wa Nakivale inaweza kutazamwa na mtu aliye Goma, Nairobi au Marekani. Atafurahi, ataandika kwamba amekumbuka nyumbani, lakini hatakuja kula mchana wa kesho. Mteja wako ni yule anayeweza kufika kwa miguu, kwa boda boda au kwa taksi.

Kwa hiyo mshawishi akikuambia ana wafuasi 20,000, muulize swali la pili: "Wako wapi?" Akaunti yake inaweza kumwonyesha watazamaji wanatoka nchi na miji gani. Mwombe akuonyeshe kwenye simu yake. Akikataa, jiulize kwa nini.

Fikiria pia ni mtandao gani unaotumiwa na watu wako. Facebook ilifungwa nchini Uganda Januari 2021, kabla ya uchaguzi mkuu, na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakiifungua kwa kutumia VPN. Kwa wateja wa jirani, TikTok na Status ya WhatsApp zinaweza kukufaa zaidi. Na kumbuka kwamba bando ni ghali: tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Video fupi inayoonyesha sahani, bei na mahali ina nafasi kubwa ya kutazamwa hadi mwisho kuliko video ndefu yenye maneno mengi.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Tuchukue mfano. Unauza sahani ya sombe na ugali kwa shilingi 6,000. Ukitoa gharama za chakula, makaa na mfanyakazi, unabaki na faida ya shilingi 1,500. Mshawishi anataka shilingi 150,000 na sahani nne za bure, yeye na wenzake.

- Sahani nne zinakugharimu shilingi 18,000 (4,500 kwa kila sahani).
- Jumla unatoa shilingi 168,000.
- Gawanya kwa faida ya 1,500: unahitaji kuuza sahani 112 za ziada ili kurudisha pesa yako tu.

Sahani 112 ni sawa na sahani nne zaidi kila siku kwa siku 28. Je, mtaa wako una watu hao? Je, una viti vya kuwakalisha? Jibu likiwa ndiyo, huenda inafaa kujaribu. Likiwa hapana, usilipe. Ukitaka kujua kama video imekusaidia, hesabu sahani ulizouza kila siku kwa wiki mbili kabla ya video, kisha wiki mbili baada yake. Pia waulize wageni wapya: "Umetujua kupitia wapi?" Daftari la shule linatosha kwa kazi hiyo.

Mkubaliane nini na mshawishi?

Huhitaji wakili. Andikeni kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa WhatsApp ambao wote wawili mtaubaki nao. Taja mambo haya:

- Malipo. Ni kiasi gani, na yatalipwa lini? Ni busara kulipa nusu kabla na nusu baada ya video kuwekwa.
- Chakula cha bure. Watakuja watu wangapi, na watakula nini?
- Idadi na muda. Ni video ngapi? Zitawekwa siku gani? Zitakaa mtandaoni kwa muda gani kabla ya kufutwa?
- Bei na mahali. Hakikisha anataja bei sahihi, siku mnazofungua na njia ya kufika. Video inayosema "mgahawa wa Wakongo" bila kutaja zoni au soko haimsaidii mtu mwenye njaa.
- Kuona kabla. Omba kuiona video kabla haijawekwa, ili kurekebisha bei, jina au kitu cha hatari. Huna haki ya kumlazimisha aseme chakula ni kitamu kama hakukipenda.
- Nani ataonekana. Jambo hili ndilo zito kuliko yote, na tunalieleza hapa chini.

Uso wa mteja si mapambo ya mgahawa wako

Wengi wetu tulikimbia watu, si vita peke yake. Kuna mwanamke aliyemkimbia mume mkatili. Kuna aliyetoroka kundi lenye silaha. Kuna aliyetoa ushahidi dhidi ya mtu mwenye nguvu. Mtu kama huyo akionekana kwenye video kwa sekunde tatu, nyuma yake kuna kibao chenye jina la mgahawa, na maelezo yanataja mtaa, basi anayemtafuta ameshajua aliko.

Sheria pia inamlinda. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka mtu aridhie kabla taarifa zake binafsi hazijachukuliwa na kutumiwa, na picha inayomtambulisha mtu ni mojawapo ya taarifa hizo. Kwa mtoto, ridhaa hutoka kwa mzazi au mlezi. Mtoto aliyekuja kununua chapati hawezi kukuruhusu mwenyewe.

Usidhani kwamba sheria za namna hii ni za karatasi tu. Katika nchi jirani ya Kenya, mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ni mgahawa uliolipa gharama hiyo. Mteja alikuwa amekuja kustarehe tu.

Fanya hivi:

- Wajulishe wateja kabla ya kurekodi. Sema kwa sauti, kwa lugha wanazozielewa: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiganda, Kinyankole.
- Tenga meza moja au kona moja ya kurekodia, iliyoelekea ukutani. Asiyetaka kuonekana akae upande wa pili.
- Au rekodi saa ambazo hakuna watu: asubuhi kabla ya kufungua, au alasiri.
- Waulize hata wafanyakazi wako. Anayeosha vyombo ana haki sawa na anayekula. Asifukuzwe kazi kwa sababu amekataa.
- Usirekodi foleni ya kugawiwa chakula, ofisi za usajili wala kadi za wakimbizi zilizoachwa mezani.

Video nzuri ya chakula haihitaji uso wa mteja. Inahitaji mvuke wa ugali, mkono unaokata samaki, na bei.

Ikiwa wewe ndiye unayetengeneza video

Kazi yako ni ya heshima, na inaweza kukulisha. Lakini usitegemee kwamba TikTok itakulipa moja kwa moja. Mpango wake wa kulipa watengenezaji kutokana na watazamaji ulikuwa wazi kwa nchi chache tu hadi 2024, na Uganda haikuwa miongoni mwao. Kwa wengi, pesa hutoka kwa wenye biashara. Hapo ndipo uaminifu unapopimwa.

Ukilipwa, sema umelipwa. Ukila bure, sema umekaribishwa. TikTok na Instagram zote zina alama ya kuonyesha kwamba video ni ya malipo, itumie. Mtazamaji hakasiriki kwa sababu umelipwa. Anakasirika akitumia shilingi zake 6,000 na nauli ya boda, kisha akakuta sahani si ile uliyoionyesha.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Keith Lee wa Las Vegas, Marekani, mpiganaji wa zamani wa ngumi na mateke aliyegeuka mwonjaji wa vyakula kwenye TikTok. Hulipia chakula chake mwenyewe, mara nyingi huwatuma jamaa zake kuagiza ili asitambuliwe, na hula ndani ya gari. Januari 2023 alionyesha duka dogo la piza la jijini humo lililokuwa na wateja wachache. Muda si mrefu, foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Watu walimwamini kwa sababu walijua hakununuliwa.

Na ukikuta chakula kibaya? Sema ulichoonja wewe, siku hiyo, kwa maneno ya kawaida: wali ulikuwa mbichi, samaki alikuwa na chumvi nyingi. Usiseme "hapa wanauza uchafu" kama hujaona uchafu. Usimtukane mwenye mgahawa, wala usitaje kabila lake, taifa lake au dini yake. Katika makazi yetu watu wa nchi nyingi wanaishi jirani, na chakula cha kila mmoja kina maana kwake. Mtu anayecheka muhogo uliochacha au harufu ya samaki wa chumvi hachekeshi, anachokoza. Maneno ya kumchafulia mtu jina yanaweza pia kukufikisha polisi. Kwa tatizo dogo, mwite mwenye mgahawa pembeni umweleze kwanza. Kwa tatizo la afya, kama watu kuugua baada ya kula, nenda kituo cha afya na utoe taarifa kwa viongozi wa eneo. Video haimtibu mtu.

Ikiwa wewe ni mteja au mtazamaji

Usiamini kila "mmm" unayoisikia. Jiulize: je, huyu ametaja kama amelipwa? Ametaja bei? Amewahi hata siku moja kusema chakula fulani hakikumpendeza? Mtu anayesifu kila sahani anafanya matangazo. Hakuna ubaya, mradi ujue hivyo.

Ukiwa mezani na ukaona simu inaelekezwa kwako, una haki ya kusema: "Tafadhali, usinirekodi." Huhitaji kueleza sababu. Ikiwa video imeshawekwa, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Hifadhi ushahidi: piga picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na kiungo cha video.
2. Mwombe aliyeiweka aifute. Mweleze kwa upole, kwa maandishi.
3. Akikataa, iripoti ndani ya mtandao wenyewe. Kwenye TikTok, bonyeza mshale wa kushiriki, kisha uchague kuripoti.
4. Ukiona maisha yako yako hatarini, usisubiri majibu ya mtandao. Nenda kwenye dawati la ulinzi la UNHCR, Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) au polisi. Unaweza pia kupiga namba ya bure ya FRRM nchini Uganda, 0800 323232.

Usiisambaze video hiyo kwenye makundi ya WhatsApp ili kuonyesha umeonewa. Kila anayeituma anaipeleka mbali zaidi.

Je, mgahawa wako uko tayari kuonekana?

Video inaweza kuleta watu hamsini kwa siku moja mahali palipozoea ishirini. Chakula kikiisha saa sita, maji ya kunawa yakikosekana na wageni wakasubiri saa nzima, watarekodi video yao wenyewe, na hiyo haitakusifu. Kabla ya siku ya kuwekwa video, ongeza kiasi cha vyakula vinavyohifadhika, panga mtu wa ziada, na weka chenji au namba ya malipo ya simu mahali panapoonekana.

Video huonwa pia na maofisa. Hakikisha una leseni ya biashara kutoka serikali ya mtaa, na kwamba wanaopika na kuhudumia wamepimwa afya kama sheria inavyotaka kwa wanaoshughulikia chakula. Angalia jiko lako kwa macho ya mgeni: choo, maji, sabuni, nzi, vifuniko vya sufuria.

Jihadhari na matapeli

Mahali penye pesa, matapeli hawakosi. Kuna hatari ya mtu kujifanya mshawishi maarufu, kuomba "advansi" kwa simu kisha kupotea. Mpigie kwa video, au mwambie atume ujumbe kutoka akaunti yake halisi. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya Mobile Money, wala tarakimu sita zinazotumwa na WhatsApp kwenye simu yako. Hakuna video ya chakula inayohitaji tarakimu hizo. Kadhalika, mtu akikutisha kwamba usipompa chakula cha bure atakuweka vibaya mtandaoni, hiyo si kazi ya ushawishi. Hifadhi ujumbe wake na utoe taarifa.

Huna pesa ya kulipa mtu?

Anza na simu yako au ya mwanao. Simama karibu na dirisha penye mwanga. Rekodi sekunde kumi na tano: sufuria inafunguliwa, sahani inapakuliwa, sauti yako inasema, "Leo Jumamosi tuna sombe na sambaza, shilingi 6,000, soko la Kabazana." Iweke kwenye Status ya WhatsApp kila asubuhi kabla watu hawajaamua watakula wapi. Waombe wateja watano wa kila siku waiweke pia. Weka jina, bei na namba ya simu ya biashara, si ya nyumbani. Na kama una jamaa walio nje ya nchi wanaotazama, waambie wanaweza kumlipia ndugu yao sahani kwa pesa ya simu.

Ukifanya hivyo kwa mwezi mmoja, utakuwa umejua ni sahani gani inayowavuta watu na ni siku gani wanakuja. Siku mshawishi akija na bei yake, utazungumza naye ukiwa na hesabu zako mkononi.